Sumu Kwenye Kadi za Rangi

HiAce nyeupe ilipita taa nyekundu ya Springvale Road, Melbourne, bila kugusa breki.

Koula Vrettos naye akapita.

Lori la maziwa lilipiga honi. Mama mmoja aliyekuwa akivuka akakivuta nyuma kigari cha mtoto wake. Commodore ya kijivu ya Koula ikapenya katikati yao, na kioo chake cha pembeni kikabaki barabarani. Hakugeuka kukitazama. Mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani na mwingine umeshika redio ya Motorola.

"Pringle, niko Lower Dandenong Road. Anakimbilia uwanja wa ndege wa Moorabbin."

"Kasha analo?"

"Nimeliona kwa macho yangu likipakiwa."

"Basi asifike. Sitaki kujua utafanyaje."

Huyo ndiye Pringle, mkuu wake katika Idara ya Ujasusi, mtu ambaye neno tafadhali alilisahau siku alipopewa ofisi yenye dirisha.

Koula alitupa redio kwenye kiti, akashusha kioo. Baridi ya Julai ikaingia na kumkwangua uso. Alichomoa bastola yake, Glock, akangoja lori la mbao lipite, akafyatua mara mbili.

Tairi la nyuma likapasuka.

HiAce iliyumba, ikapanda ukingo, ikang'oa kibao cha matangazo cha duka la mikate na kuishia kwenye nguzo ya umeme. Watu walitoka dukani na mikate yao mikononi. Koula aliwafukuza kwa neno ambalo mama yake asingependa kulisikia, akaufikia mlango wa dereva bastola ikiwa mbele.

Hakuwa na haja nayo.

Dereva alikuwa amekaa wima, mkanda umefungwa, hana hata mkwaruzo. Midomo yake ilikuwa imegeuka samawati. Povu lilimtoka puani. Alimwona Koula, akajaribu kusema kitu, akashindwa. Kisha akafa.

Kiganjani alikuwa amekamata kadi ya rangi. Kadi ya kawaida kabisa, zile zinazogawiwa bure madukani ili mtu achague rangi ya kuta zake. Ilikuwa imefunguliwa kwenye safu ya rangi nyeupe, na moja ilikuwa imezungushiwa duara kwa kalamu. Pembeni kulikuwa na neno moja tu: jikoni.

Kibarua wa watu. Amepewa kasha la kadi alifikishe, akaona si vibaya kuchomoa kadi moja ya kwake. Jasho la mbio likalowesha kiganja, na kiganja kikalowesha kadi.

Koula alivaa glovu nene kabla ya kugusa chochote, akalihakikisha kasha, kisha akapiga simu.

"Pringle. Kasha ninalo. Dereva amekufa. Sumu imo kwenye vile vipande vya rangi. Vikiwa vikavu havina neno. Vikipata jasho vinaamka."

Wote wawili walijua kasha lilikokuwa likienda. Jumatatu, wajumbe wa visiwa vya Pasifiki wangekutana Suva kutia saini mkataba wa kuwafukuza wavuvi wakubwa wa kigeni kwenye bahari yao. Ukumbi ulikuwa mpya, kuta hazijapakwa rangi, na mjanja mmoja alikuwa amependekeza kila mjumbe apewe kadi achague rangi aipendayo. Wakubwa walilisifu wazo hilo. Suva kuna joto, na kila mjumbe angetoka jasho.

"Umefanya vizuri," Pringle alisema. "Sasa sikiliza. Yule mama yako wa kiwandani ameanguka."



"Lupe?"

"Lupe Fonoti. Yuko hospitali ya Dandenong. Nakuunganisha na daktari."

Lupe hakuwa jasusi. Alikuwa mama wa Kisamoa aliyeendesha mashine ya gundi katika kiwanda cha Rooke na Fenwick, kule Dandenong Kusini ambako kadi za rangi hutengenezwa. Jana alikuwa amemvuta Koula pembeni na kumwambia kuna utepe mweupe umepita mkononi mwake, unang'aa vibaya, unanata pasipo sababu. Koula alimwambia amletee kipande kimoja.

Alimtuma yeye. Hakuna mwingine wa kulaumiwa.

"Nirmala Seneviratne hapa." Sauti ya daktari ilikuwa ya mtu anayetembea haraka. "Wewe ndiye wa serikali?"

"Ndiyo. Hali yake?"

"Anapumulia mashine. Alikuwa na kipande amekifunga kwenye plastiki ndani ya sidiria. Wenzie wanasema alivua glovu ili apapase kama kweli kinanata. Amegusa kwa ncha za vidole tu, ndiyo maana bado yuko nasi. Lakini ikifika jioni hajapata dawa, hayupo."

"Mpe dawa basi."

"Dawa gani, dada yangu? Zipo mbili zinazotibu sumu za jamii hii. Nikimpa isiyo yake, itamuua kabla sumu haijammaliza. Maabara wanataka mpaka kesho. Mimi kesho sina."

"Nani anaweza kujua leo?"

"Aliyeichanganya."

Koula alikata simu. Gari la pili la Idara lilikuwa limefika. Watu wawili wenye mavazi ya kinga wakalichukua kasha, na mmoja wao akampa bahasha nzito ya madini ya risasi. Ndani yake mlikuwa na kadi ya marehemu.

"Ipeleke maabara," Koula alisema.

Kisha akabadili mawazo. Akaichukua mwenyewe.

*

Wengi hudhani kadi ya rangi huchapishwa kama gazeti. Wasidanganyike. Wino hauwezi kusema ukweli wa ukuta. Kinachobandikwa pale ni rangi yenyewe ya dukani, imepakwa kwenye karatasi pana inayokuja kwa maroli mazito. Kisu kirefu huisawazisha, tanuri huikausha, halafu roli hukatwa kuwa tepe nyembamba. Tepe huenda kwenye mashine ya gundi, nayo huzikatakata vipande vidogo na kuvibandika kwenye kadi chini ya majina ya kipuuzi. Nyeupe peke yake ina majina mengi kuliko ukoo wa watu. Ukungu wa Gippsland. Pamba ya Bibi. Kuna binadamu analipwa mshahara kukaa na kuyabuni.

Vipande vilivyomuua dereva vilikuwa na kitu cha ziada. Tabaka la mwisho, jembamba, lisilo na rangi. Lilichanganywa katika chumba cha rangi, na funguo za chumba hicho walikuwa nazo watu watatu tu, walinganishi wa rangi wa kiwanda.

Mmoja wao ndiye.

Koula alikuwa ameshaingia humo kwa wiki kadhaa kwa jina la Connie Pappas, mwakilishi wa mteja mkubwa. Walimpima macho kwanza, wakammwagia vifuniko vya rangi zinazokaribiana avipange kutoka kijani kwenda samawati. Akapasi. Tangu hapo hakupaka rangi ya mdomo wala ya kucha, kwa sababu chumbani mle hairuhusiwi. Kuta ni za kijivu, makoti ya kijivu, viti vya kijivu. Rangi yoyote ya jirani hudanganya jicho.

Aliegesha Commodore nyuma ya kiwanda na kumpigia Pringle.

"Kamata wote watatu," Pringle alisema.

"Nikikamata wote, kila mmoja atalia kwamba hajui kitu mpaka Lupe azikwe. Nataka nijue ni yupi kabla hajajua kwamba najua."

"Nyaraka zao zote ni safi. Tumezichambua."

"Mwenye nyaraka safi kuliko wenzie ni nani?"

"Maskell. Rodney Maskell. Kazaliwa Geelong, kasoma Geelong, kaanza kazi ya rangi Geelong tangu ana ndevu changa. Amehamia hapo mwaka jana."

"Huyo anashabikia timu ya Geelong hadi soksi. Haithibitishi kitu. Nusu ya jiji ni wendawazimu wa timu zao."

"Sasa unataka nini?"

Koula alitazama paa la kiwanda. Jua la asubuhi ya kipupwe lilikuwa chini upande wa kaskazini, kali, linachoma macho. Alimkumbuka baba yake, Thanasi, aliyepaka rangi nyumba za Oakleigh mpaka mgongo ukagoma. Mzee yule hakuchagua rangi mahali popote isipokuwa dirisha la kusini. Huku kwetu, kusini mwa dunia, jua hupita kaskazini. Mwanga wake huingia wa manjano na hubadilika kila saa. Kusini mwanga umetulia. Kila fundi wa rangi aliyelelewa nchi hii anaujua upande huo hata akiwa na usingizi.

Ulaya ni kinyume. Kule jua hupita kusini, na fundi hufundishwa tangu utoto wake wa kazi kukimbilia dirisha la kaskazini.

Mtu aliyepandikizwa kutoka nje anaweza kufundishwa lafudhi. Anaweza kufundishwa kupenda timu na kula mkate wa soseji Jumamosi nje ya duka la vifaa vya ujenzi kama wenyeji. Dirisha hakuna anayekumbuka kumfundisha. Lakini siku zote walinganishi hawa walitumia kabati la mwanga, kasha lenye taa maalumu lisilojua kaskazini wala kusini. Hakuna aliyewahi kuwaona wakihitaji dirisha.

"Kata umeme wa kiwanda kizima," Koula alisema. "Wewe si una mtu wa hayo?"

"Ninaye. Lini?"

"Nikikohoa kwenye redio."

*

"Connie! Tumedhani umetukimbia!"

Ilikuwa sauti ya Thuy Luong, mwanamke mdogo wa mwili mwenye mdomo mkubwa, wa kwanza kati ya wale watatu. Alikuwa ameinamia kabati la mwanga. Pembeni yake Clive Hocking, mzee wa kiwanda, alikuwa akisafisha miwani kwa pindo la koti. Rodney Maskell alisimama kwenye mizani, mrefu, mpole, kikombe cha chai mkononi.

"Gari limenisumbua," Koula alisema.

"Gari lako au dereva?" Thuy akacheka peke yake. Kisha kicheko kikazima. "Umesikia ya Lupe?"

"Nimesikia."

"Kaanguka pale pale kwenye gundi," Clive alisema. "Nilimshika kichwa mimi. Mama wa watu alikuwa anarusha miguu. Sijawahi kuona kitu kama kile, na mimi nimeona mtu akikatwa mkono na mashine humu."

"Nimemwambia mara ngapi avae glovu," Maskell alisema kwa huzuni. "Haya madawa ya gundi si ya kuchezea."

"Wee Rod, acha kumsema mgonjwa," Thuy akamkaripia. "Mtu yuko mahututi wewe unaleta mambo ya glovu?"

"Nimesema kwa uchungu tu, Thuy."

Wote walionekana kuumia. Koula aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Huzuni moja kati ya zile tatu ilikuwa ya kuigiza, na hakuweza kuitofautisha.

Alikohoa.

Taa zikazimika.

Mlio wa mafeni ya tanuri ulishuka taratibu mpaka ukafa. Huko nje ya chumba mtu alitukana kwa sauti. Mageti ya umeme yalikuwa yamejifunga yenyewe, kama Koula alivyotaka.

"Loo, afadhali tungeenda nyumbani," Clive alisema.

"Hakuna kwenda." Koula alitoa bahasha ya kawaida mfukoni. Ndani mlikuwa na vipande salama kabisa vya rangi ya kijani-kijivu, viwili viwili. "Mteja wangu anangoja kwenye simu. Lori lake liko getini. Nataka kila mmoja aniambie hivi vinafanana au havifanani. Sasa hivi."

"Bila taa?" Thuy aliuliza.

"Madirisha si yapo? Twendeni ukumbini."

Ukumbi wa mashine ya kupaka rangi ulikuwa mrefu, na madirisha ya zamani pande zote mbili. Upande wa kaskazini jua lilimwagika sakafuni. Kusini kulikuwa na kijivu cha utulivu. Koula aligawa vipande, akatembea kwa makusudi mpaka katikati kabisa, akasimama.

"Haraka, jamani. Jibu la kwanza linalokuja."

Thuy hakufikiri. Alikata kulia, kusini, akainua vipande vyake.

Clive alimfuata huku akijikokota na kulalamikia magoti.

Maskell alikata kushoto.

Alitembea kwa hatua ndefu za mtu aliyezoea kazi yake, akafika dirisha la kaskazini, akainua vipande usawa wa macho. Jua likampiga usoni. Vipande viliwaka manjano mkononi mwake.

Alikwama hivyo kwa pumzi moja.

"Rod!" Thuy aliita kutoka upande wa pili. "Unalinganisha rangi au unaota jua, baba? Geelong ndivyo mlivyofundishwa?"

Clive alicheka. Maskell naye akacheka, akageuka, akamtazama Koula.

Koula hakucheka.

Alichokiona machoni mwa Koula kilimtosha. Kikombe cha chai kilikuja kwanza. Koula akakikwepa kikapasukia kwenye nguzo. Maskell alikuwa ameshaingia uchochoro kati ya maroli ya karatasi.

"Laleni chini!" Koula aliwapigia kelele wale wawili. "Kisha mtoke nje! Tokeni!"

"Connie, hiyo ni bunduki?" Clive aliuliza.

"Toka, mzee!"

Risasi ya Maskell ilitoka nyuma ya mashine ya kupaka na kutoboa pipa. Rangi nyeupe ikaruka kama maziwa yaliyochemka na kumwagika njiani. Bastola yake ilikuwa ndogo, Walther, na aliitumia vizuri. Risasi ya pili ilichana bega la koti la Koula.

Koula aliingia chini ya tanuri. Joto lilikuwa bado limo ndani ya mabati. Nywele zilinuka kuungua. Alitambaa kwa viwiko, akaona viatu vya Maskell upande wa pili, akalenga kisigino, akafyatua.

Maskell alipiga yowe. Halikuwa yowe la mtu wa Geelong. Lilikuwa neno la lugha nyingine kabisa, refu na chungu.

Alianguka mbele ya mashine ya kukatia tepe. Walther iliteleza mbali. Koula alimfikia, akamkanyaga kifundo cha mkono, akamfunga pingu kwenye mguu wa mashine.

"Unakosea," Maskell alisema akihema. Lafudhi ilikuwa imerudi mahali pake. "Unakosea sana, Connie. Mimi ni fundi wa rangi."

"Naam, fundi. Wa huko kwenu. Kasha lako tunalo, halifiki Suva. Dereva wako amekufa. Hayo yameisha." Koula alichuchumaa. "Lupe Fonoti bado hajafa. Niambie dawa yake."

Maskell alitazama dari. Kisha akatabasamu kidogo, akataja jina la dawa.

Mara moja. Bila kubembelezwa.

Koula alishika simu, kidole kikabaki hewani. Mtu aliyepanga kuua ukumbi mzima, mtu aliyemtazama Lupe akirusha miguu huku anakunywa chai, ampe dawa kwa hisani tu? Daktari alikuwa amesema ziko mbili, na moja inaua.

"Umesema upesi mno," Koula alimwambia.

"Uliuliza, nimejibu. Mpigie daktari. Muda hausubiri."

Koula alivaa glovu nene, kwa utaratibu, kidole kwa kidole. Alifungua bahasha ya risasi. Aliitoa kadi ya marehemu.

Tabasamu likamtoka Maskell.

"Hapana."

"Unaijua?"

"Huwezi. Wewe ni wa serikali. Kuna sheria."

"Zipo."

Shingo yake ilikuwa imelowa jasho la tanuri na la woga. Koula alimshika nywele, akaibandika kadi chini ya sikio lake na kuikandamiza. Maskell alijirusha, akapiga mateke, akalia. Koula hakuachia mpaka kadi iliponata yenyewe.

Alichukia alichokuwa akikifanya. Alikifanya mpaka mwisho.

"Sasa mko wawili," alisema. "Atakayopewa Lupe utapewa na wewe, hiyo hiyo, ya jina utakalolitaja. Kama lile la kwanza lilikuwa la kweli, lirudie."

Redio ilikwaruza kiunoni mwa Koula.

"Koula, nini kinaendelea huko?" Ilikuwa Pringle. "Koula?"

Koula aliizima.

"Lirudie, Rodney."

Maskell alifumba macho. Alitaja jina. Halikuwa lile la kwanza.

"Tena."

Alilitaja tena, akaongeza kipimo, akaongeza idungwe kwenye mshipa gani, maneno yakitoka yakikanyagana. Koula aliyarudia yote kwenye simu.

"Inaingia akilini," Dokta Seneviratne alisema. "Inalingana na mapigo yake. Ngoja niulize ghala."

Koula alingoja. Maskell alimtumbulia macho. Kucha zake zilikuwa zimeanza kubadilika.

"Ipo," daktari alirudi. "Ipo moja, Melbourne nzima. Hii si dawa ya kila siku, huwa hatuiweki. Pikipiki inaileta sasa hivi. Nyingine ziko Sydney. Nimeomba ndege."

"Mpe Lupe."

"Kwani yuko mwingine?"

"Yuko."

"Amegusa kiasi gani?"

Koula alitazama kadi ile imeganda kwenye shingo.

"Kiasi kikubwa."

"Mlete," daktari alisema taratibu. "Natuma ambulansi. Tutamwekea mashine. Tutajaribu."

Simu ilikatika. Maskell alikuwa amesikia upande mmoja tu wa mazungumzo, lakini hakuwa mjinga.

"Ngapi?" aliuliza.

"Moja."

"Uliahidi!"

"Nilisema utapewa ile ile. Yako iko Sydney."

"Itafika saa ngapi?"

"Sijui."

"Connie. Connie, tafadhali. Mimi naweza kuwaambia mengi. Nani kanituma. Nani kalipa. Yule mama ni wa mashine ya gundi tu! Nani atamkumbuka yule?"

Koula alisimama. Alivua glovu, akazitumbukiza kwenye bahasha pamoja na Walther, akaifunga.

"Ambulansi inakuja," alisema. "Waambie wao. Watayaandika."

Alitoka kwa mlango wa kusini, akiruka dimbwi la rangi nyeupe ili asichafue viatu. Nyuma yake Maskell alikuwa akiita. Hakuita kwa lafudhi yoyote sasa.

*

Pringle alimkuta Koula kwenye korido ya hospitali, ameegemea mashine ya vinywaji.

"Maskell amekufa," alisema. "Ndege ilikuwa bado angani."

"Sawa."

"Dokta anasema alikuwa na kadi shingoni. Watu wa juu watauliza ilifikaje pale."

"Niliiweka mimi."

"Ningeweza kuandika kwamba katika purukushani..."

"Andika niliiweka mimi, Pringle. Usinisaidie."

Pringle alimtazama, akafunga koti lake, akaondoka.

Mlango wa chumba ulifunguka. Mwanamume mkubwa, mwenye fulana ya njano ya madereva wa mashine za kubeba mizigo, alitoka akijifuta uso kwa kiganja. Ni Iosefo, mume wa Lupe. Alimwona Koula, akauliza kwa macho kama ndiye, na bila kungoja jibu akamkumbatia mpaka miguu ikaacha sakafu.

"Amefungua macho," alisema juu ya kichwa chake. "Kanitukana kwa sababu sijanyoa ndevu. Watamkata vidole viwili, lakini kanitukana, dada yangu! Kanitukana vizuri kabisa! Mungu akubariki. Watoto wangu wana mama kwa sababu yako."

Koula alingoja awekwe chini.

"Iosefo. Lupe hakukigusa kile kipande kwa bahati mbaya. Mimi ndiye niliyemtuma akichukue. Nilijua kuna kitu kibaya. Sikujua ni kibaya kiasi gani, lakini nilijua. Sikumwambia."

Mikono ya Iosefo ilikuwa bado mabegani mwake. Aliiondoa, mmoja, kisha wa pili.

"Nilitaka uyasikie kwangu," Koula alisema.

Aliingiza mikono mifukoni akatembea kuelekea lifti, hatua zake sawasawa, mgongo umenyooka, na hakugeuka. Iosefo alibaki amesimama katikati ya korido mpaka nesi alipomgusa mkono na kumwambia mkewe anamwita.